Kulipia Foleni: Gemu za Safari ya Kila Siku na Thamani ya Pesa Yako

Kuna gemu ambazo hazina adui wa kupiga, hazina mbio za kushinda wala kombe la kubeba. Mhusika anaamka, anavaa, anaingia kwenye gari au treni, anafika kazini, anarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Mtu wa Mbagala anayetoka nyumbani alfajiri ili aambulie nafasi kwenye daladala ana haki kabisa ya kuuliza: nitoe dola ishirini nicheze safari, wakati safari yenyewe naifanya kila siku na nauli natoa?

Swali hilo lina jibu, ila usilitafute kwenye matangazo ya watengenezaji. Liko kwa wachezaji wenyewe, waliomaliza na walioacha njiani. Ukiyasoma maoni yao kwa wingi utagundua jambo moja: anayeiponda gemu na anayeisifu hutumia maneno yale yale. Mmoja anasema humu ndani hakuna kinachotokea, anadai arudishiwe pesa. Mwingine anasema humu ndani hakuna kinachotokea, na ndiyo sababu anawashauri rafiki zake wainunue. Wote wawili wanasema kweli. Anayetaka kununua hana budi ajue kwanza yeye yuko upande gani, na ajue pia kwamba polepole ziko za namna mbili. Iko inayokupa muda wa kusikiliza, kutazama na kuamua. Na iko inayojaza saa tu. Pesa yako ni kwa ajili ya ile ya kwanza.

Tuanze na isiyo na bei. *Every Day the Same Dream* ilitolewa mwishoni mwa 2009 na Paolo Pedercini, Mwitaliano anayetengeneza gemu zenye ukali wa kisiasa kwa jina la Molleindustria. Huipakui; unaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta na kuichezesha kwa vitufe vichache. Mwanamume asiye na jina wala sura ya kumtambua anaamshwa na saa. Anavaa suti, anampita mkewe jikoni, anaingia kwenye lifti, anaingia garini, anakwama kwenye foleni, anafika ofisini ambako watu wa kufanana naye wamekaa kwenye safu ndefu ya meza za kufanana. Kisha saa inalia tena.

Ndani ya lifti kuna bibi kizee anayemwambia kwamba zimebaki hatua tano naye atakuwa mtu mpya. Hapo ndipo mchezo unapoanzia. Hatua zote tano ni njia za kuikataa safari ile. Unaweza kutoka nyumbani bila nguo. Unaweza kushuka kwenye gari katikati ya foleni ukaenda kumpapasa ng'ombe kando ya barabara. Unaweza kudaka jani moja linaloanguka mtini. Mtu asiye na makazi anaweza kukupeleka makaburini ukienda upande ambao hukuzoea kwenda. Gemu nzima unaimaliza kabla chai haijapoa, na bado iko kwenye vinywa vya wachezaji miaka mingi baadaye.

Wapo wanaoiona fupi mno, na wapo wanaoiona imejaa majonzi ya mtu mwenye kazi nzuri anayelia bila sababu. Malalamiko ya kwanza siyakubali. Ufupi wake ni heshima kwa muda wako. Ya pili nayaelewa zaidi, kwa sababu mhusika yule ana gari, ana kazi ya mezani na ana nyumba kwenye jengo lenye lifti. Hata hivyo kinachomkaba ni kule kurudia, na kurudia hakuchagui kipato. Ila jambo moja mzazi alijue kabla hajamwachia mtoto kompyuta: moja ya hatua tano ni kuruka kutoka juu ya paa la ofisi. Hata mtu mzima aliye katika kipindi kigumu nadhani ni bora aiache kwa sasa.

Kwenye foleni ya gemu ile kila mtu yuko peke yake ndani ya gari lake, na hivyo ndivyo zilivyo karibu gemu zote za aina hii. Zimetungwa na watu ambao kwao safari ya kwenda kazini ni upweke. Anayepanda daladala Gongo la Mboto au matatu ya Rongai ana tatizo la kinyume: watu ni wengi mno, muziki uko juu, konda anagombana na abiria kuhusu chenji, na mtoto wa mtu amelala begani kwako. Kwa hiyo unaponunua gemu hizi jua unanunua upweke wa watu wengine. Ni kitu halali kukitamani. Kwa mtu aliyesongwa kuanzia asubuhi hadi usiku, saa moja ya barabara tupu inaweza kuwa ndiyo haja yake hasa.

Barabara tupu kuliko zote ni ya *Desert Bus*. Iliandaliwa 1995 kwa ajili ya mashine ya Sega CD, ikiwa sehemu ya mkusanyiko wa wanamazingaombwe wa Marekani Penn na Teller, na haikuwahi kufika madukani kwa sababu kampuni iliyopaswa kuitoa ilianguka. Unaendesha basi kutoka Tucson, Arizona, hadi Las Vegas, Nevada. Saa nane, na ni saa nane za kweli. Mwendo wa juu kabisa ni maili 45 kwa saa, karibu kilomita 72. Basi linavutia upande wa kulia kidogo kidogo, kwa hiyo huwezi kubana kitufe na kitu kizito ukaenda kulala. Hakuna kusimamisha. Abiria hakuna. Ukifika unapata pointi moja, na unaweza kugeuza basi kurudi ulikotoka ili upate ya pili.

Naitaja kwa sababu inavunja kipimo ambacho wachezaji wengi wanakitegemea, cha kugawanya bei kwa idadi ya saa. Kwa hesabu hiyo *Desert Bus* ingekuwa bidhaa bora kuliko zote, maana ina saa kadiri unavyotaka, na toleo lake la miwani ya uhalisia pepe lilitolewa bure 2017. Lakini hakuna mwenye akili timamu atakayekushauri uicheze peke yako sebuleni. Imepata thamani ilipochezwa na watu wengi pamoja. Tangu 2007 kikundi cha wachekeshaji wa Kanada kimekuwa kikiicheza kwa zamu, mchana na usiku, hadharani mtandaoni, katika harambee iitwayo *Desert Bus for Hope*. Watazamaji wanavyochanga ndivyo basi linavyozidi kwenda, na mamilioni ya dola yamekusanywa kwa ajili ya watoto walioko hospitalini. Itazame ikichezwa, changia ukiweza, na usiipigie hesabu ya manunuzi.

Sasa zile za kulipia.

*Lake*, ya studio ya Uholanzi iitwayo Gamious, ilitoka Septemba 2021. Hadithi yake iko mwaka 1986. Meredith Weiss, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya programu za kompyuta katika jiji kubwa, anarudi Providence Oaks, mji mdogo wa kubuni kando ya ziwa katika jimbo la Oregon, ili amshikie baba yake kazi ya kusambaza barua kwa wiki mbili. Asubuhi anakabidhiwa barua na vifurushi vya siku. Anaendesha gari la posta kuzunguka ziwa, anashuka, anatia barua kwenye sanduku, anapanda, anaendelea. Akipeleka kifurushi anagonga mlango, mtu anafungua, mazungumzo yanaanza. Jioni anaamua asome kitabu, atazame filamu au apokee simu ya bosi anayemkumbusha kazi ya mjini. Wiki mbili zikiisha unaamua wewe: abaki au arudi.

Bei yake kamili ni dola 19.99. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania au 129 za Kenya, hiyo ni karibu 50,000 kwa Tanzania na 2,580 kwa Kenya. Si pesa ndogo. Kwa hiyo hapa maoni ya wachezaji yanahitaji kusomwa kwa makini.

Wanaoipenda, na ni wengi, wanaandika kama watu waliopumzika. Wanasema waliicheza baada ya kazi, nusu saa kabla ya kulala, siku moja ya Meredith kwa usiku mmoja wa kwao. Walimzoea mwenye duka la kukodisha kanda za video, wakamzoea mkata miti, wakaanza kuitambua nyumba kabla hawajatazama ramani. Wasioipenda wanasema gari ni zito, redio ina nyimbo chache zinazojirudia, sura za watu zimekakamaa, na nje ya kupeleka barua mji haukuruhusu kufanya mengi. Walioinunua siku za mwanzo walikutana pia na hitilafu nyingi za kiufundi. Hilo liliendelea kurekebishwa.

Ukipima, utaona makundi haya mawili yametofautiana kwa namna ya kucheza. Aliyeimeza kwa mkupuo mmoja siku ya Jumamosi aliuona uchovu wote wa njia ile ile ndani ya saa sita mfululizo. Aliyeigawa kwa siku aliishi kwa mwendo wa Meredith. Hili ni jambo la kumsaidia mnunuzi kuliko nyota au asilimia yoyote: *Lake* haifai kuchezwa kwa pupa. Na hata hivyo naiona ina upungufu wa kweli katikati. Ukishaizoea njia, kuendesha hakukudai chochote tena. Huhitaji kufikiri, huhitaji kuchagua, na mazungumzo yanayokusubiri mlangoni mara nyingine ni mepesi mno kulipia mwendo uliokuleta. Ndiyo maana sishauri uilipie bei kamili. Hushushwa bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, na kwa nusu bei ni mapumziko mazuri. Nyongeza yake ya 2023, inayomhusu baba wa Meredith katika msimu wa Krismasi, inauzwa peke yake. Maliza kwanza wiki zako mbili ndipo ujiulize kama unaihitaji.

Kinyume cha *Lake* ni gemu mbili za teksi, zote za 2019, na hizi ndizo ningependa dereva yeyote wa programu za simu, Nairobi au Dar, azisikie.

Katika *Neo Cab*, Lina Romero ni mmoja wa madereva wa mwisho ambao ni binadamu katika jiji la kubuni la Los Ojos. Magari mengi yanajiendesha yenyewe na ni mali ya kampuni moja kubwa. Amehamia jiji hilo kuishi na rafiki yake Savy, na usiku ule ule rafiki anatoweka. Lina anabaki na gari lake, abiria na nyota wanazompa. Nyota zikishuka mno anafungiwa kazi. Betri ya gari inahitaji kuchajiwa, naye anahitaji pa kulala, na vyote vinatoka kwenye nauli ya usiku huo huo. Wewe huendeshi usukani. Unachagua abiria wa kumchukua, na unachagua la kusema.

Mkononi Lina amevaa bangili inayoonyesha rangi ya hisia zake. Akiwa na hasira kali, baadhi ya majibu ya upole hayapatikani tena, hata ukiyataka. Akiwa na huzuni nyingi, hawezi kujibu kwa ujasiri. Wachezaji wengi wanakitaja kifaa hiki kuwa ndicho kilichowafanya waelewe kazi ya kumhudumia mtu unayemchukia huku unatabasamu kwa ajili ya nyota. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Hapa polepole ina kazi: kila dakika ya kimya garini ni dakika ya kujizuia. Malalamiko yanayojirudia ni mawili. La kwanza, Savy ni rafiki mwenye kuchosha, na hadithi inakulazimisha umjali. La pili, ni fupi, mtu huimaliza kwa saa sita hivi. Kwa dola 14.99, karibu shilingi 37,500 za Tanzania au 1,930 za Kenya, saa sita zisizo na pumba zinanitosha.

*Night Call* iko Paris, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Dereva wa teksi za usiku aliyenusurika kuuawa analazimishwa na polisi amsake muuaji miongoni mwa abiria wake. Bei yake kamili ilipotoka ilikuwa dola 19.99. Karibu kila aliyeicheza anakuambia jambo lile lile: abiria ni wazuri mno, upelelezi ni dhaifu. Watu wanaingia garini na maisha yao mazima, mmoja ametoka hospitali, mwingine anakimbia harusi, na unatamani safari isifike. Kisha unarudi nyumbani, unaangalia ubao wa ushahidi, unakuta ushahidi haukuelekezi popote na unabahatisha tu. Tena gemu ina kesi tatu, na katika kesi ya pili unaanza kukutana na abiria uliokwisha kuwasikia. Cheza kesi moja, wasikilize watu, basi. Na kama uamuzi wako ni kati ya hizi mbili, chukua *Neo Cab*. Ni nafuu, na maisha ya dereva ameyaelewa zaidi aliyeiandika.

Ipo pia *Glitchhikers: The Spaces Between* ya 2022, kutoka Kanada. Hiyo inakupa barabara kuu usiku, treni, uwanja wa ndege na bustani, na wageni wa ajabu wanaokuuliza maswali ya uhai na kifo. Wanaoipenda wanasema inawapa mawazo yale yanayomjia mtu dirishani katika safari ndefu. Wasioipenda wanasema inawahubiria. Mimi naiona inahubiri. Isubiri kwenye punguzo kubwa.

Bei rahisi kabisa katika madirisha ya maduka ni ya *The Exit 8*, iliyotolewa Novemba 2023 na mtengenezaji wa Japani anayejiita Kotake Create: dola 3.99, yaani chini kidogo ya shilingi 10,000 za Tanzania au 515 za Kenya. Uko kwenye njia ya chini ya ardhi ya stesheni, vigae vyeupe, matangazo ukutani, mwanamume mmoja anakuja upande wako akiwa na mkoba. Ukiona kitu chochote kisicho cha kawaida, geuka urudi. Usipoona, endelea. Ukikosea, unaanza upya kutoka sifuri, mpaka ufike njia ya kutokea namba 8. Imependwa kiasi kwamba 2025 ilitengenezwa filamu, iliyoongozwa na Genki Kawamura na kuonyeshwa Cannes. Kwa anayetaka hadithi, hii haimfai, maana hadithi haina. Kwa anayetaka kujua ni mambo mangapi huyaoni kwenye njia unayoipita kila siku, hakuna inayoifikia. Unaimaliza kwa saa moja au chini ya hapo.

Nimeiacha hadi sasa kwa makusudi ile ninayoiheshimu kuliko zote. *Kentucky Route Zero*, ya Jake Elliott, Tamas Kemenczy na Ben Babbitt, ilitolewa vipande vitano kati ya Januari 2013 na Januari 2020. Waliolipia mwanzoni walisubiri miaka saba kuona mwisho, na manung'uniko yao ya wakati ule bado utayakuta. Kwako wewe unayenunua leo hayana maana tena, kwa sababu yote imekamilika. Conway, dereva mzee wa duka la vitu vya kale, anatafuta anwani moja ili apeleke mzigo wa mwisho. Barabara ya kufika huko iko chini ya ardhi na haimo kwenye ramani za kawaida. Njiani anakutana na watu waliobanwa na madeni: ya hospitali, ya umeme, ya kampuni. Deni ndilo linaloendesha safari hii, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyoona linavyomla Conway mwenyewe.

Wasioipenda wanasema si gemu, ni kitabu kinachotembea. Wanasema huwezi kushinda wala kushindwa, na majibu unayochagua hayabadilishi mwisho. Ni kweli yote. Unachochagua ni namna watu hawa wanavyokumbuka maisha yao, wanavyoyataja na wanavyoyanyamazia. Kwa mtu anayesoma riwaya, hilo ni kubwa. Bei yake ni dola 24.99, kama shilingi 62,500 za Tanzania au 3,220 za Kenya, na ndiyo pekee katika orodha hii ambayo ningemwambia mtu ailipie bei kamili bila kusubiri.

Ila pana sharti, na sharti hilo linazihusu zote za maongezi. Hakuna iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. *Neo Cab*, *Night Call* na *Kentucky Route Zero* ni maandishi juu ya maandishi, tena Kiingereza chenye mafumbo na lugha ya mtaani ya mbali. Ukikisoma kwa taabu, usinunue, utalipia kamusi. *Lake* ina sauti na maneno mepesi zaidi, na *The Exit 8* karibu haihitaji lugha. Hili ni sehemu ya bei sawa na dola zenyewe, nashangaa kwamba miongozo ya manunuzi huliruka.

Gharama nyingine zisizoandikwa kwenye bango ziko kwenye mashine na bando. *Neo Cab* na *Kentucky Route Zero* hazina makuu, kompyuta ya wastani inazibeba. *Lake* na *The Exit 8* zina picha za kisasa na zinataka kadi ya picha yenye nguvu. Kwenye kompyuta ya ofisini zitakwama. Kila ukurasa wa duka huandika nafasi ambayo gemu itachukua kwenye diski. Soma namba hiyo kabla ya kusoma bei, kisha piga hesabu ya bando, ukikumbuka kwamba baada ya kupakua huja masasisho. Kuna wanaokwenda kupakua kwenye intaneti ya chuo au ya rafiki, na ni busara.

Malipo: duka la Steam halina bei ya shilingi, ya kwetu wala ya Kenya, unalipa kwa dola kupitia kadi. Kadi pepe za Visa zinazotolewa na huduma za pesa za simu zimewafungulia mlango watu wengi wasio na kadi ya benki, lakini angalia kiwango cha kubadilishia dola kabla ya kuthibitisha, maana hapo ndipo pesa kidogo kidogo inapoponyoka.

Kuhusu kurudishiwa pesa, fahamu sheria na uitumie. Steam wanakurudishia ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Kwa gemu za polepole saa mbili ni kipimo cha haki: ukicheza siku mbili tatu za mwanzo za Meredith utakuwa umejijua. Kwa *The Exit 8* saa mbili zinatosha kumaliza yote, na nakuomba usiimalize kisha ukadai pesa. Aliyeitengeneza ameomba dola nne tu. Duka la GOG, ambako *Kentucky Route Zero* pia inauzwa, linatoa siku 30, na faili unayoipakua huko unaihifadhi na kuicheza bila intaneti. Kwa nyumba ambayo mtandao unakuja na kuondoka, hilo lina uzito kuliko tofauti ya dola moja mbili.

Na unaposoma maoni kwenye Steam, tazama idadi ya saa iliyoandikwa kando ya kila mwandishi. Aliyeacha baada ya dakika arobaini anakuambia kuhusu mwanzo, tena vizuri, na usimdharau. Aliyemaliza anakuambia kuhusu mwisho. Tafuta mmoja wa kila upande anayeeleza sababu, uwaamini hao kuliko mia wanaoandika neno moja.

Wapo watakaosema habari hizi ni za watu wenye kompyuta. Kwao kuna *Bus Simulator Indonesia* ya kampuni ya Maleo, ya bure kwenye simu za Android tangu 2017. Haina hadithi, ina matangazo, na mwendo wake ni wa basi la kawaida linalosimama vituoni. Lakini inamruhusu mchezaji aweke basi alilolichora mwenyewe, na vijana wa Tanzania na Kenya wamelichukua hilo kwa nguvu: wanachora mabasi ya mikoani ya kwao, rangi, maandishi ya nyuma, hata honi, wanagawiana. Hilo linaniambia kwamba watu wetu hawana shida na gemu ya polepole hata kidogo. Wanachotaka ni kuiona barabara yao humo ndani, na katika gemu zote za kulipia nilizozitaja haimo.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Kama hujawahi kugusa aina hii, cheza *Every Day the Same Dream* bure leo jioni. Ikikuacha baridi, zilizobaki huzihitaji. Kama una pesa ya gemu moja tu na Kiingereza kinakupanda, nunua *Kentucky Route Zero*. Kama unaendesha teksi au unaishi na anayeendesha, *Neo Cab*. *Lake* ngoja ishuke hadi nusu. Na ukishacheza yoyote kati ya hizo, andika maoni yako pale pale dukani, kwa Kiswahili, useme ulitumia mashine gani, imekula bando kiasi gani na umeishia wapi. Anayefuata kutoka Temeke au Kisumu hana mtu mwingine wa kumuuliza.